Sikiza Hii Kwanza

Binti yake alipiga simu kutoka Kanada:
piano imepata mnunuzi, kabati lina wenyewe,
"hizo santuri, Shebwana, uza au tupa."
Tupa! Kama mtu asemaye maganda ya ndizi.

Nimeziteremsha ngazi tatu za jengo lile la Ganjoni,
kreti nne za soda, mgongo ukinilaani,
na wewe, Mishi, mwezi wa pili tu kibandani kwangu,
waniuliza swali la watu wa simu:
"Ya kusikiza ni ipi humu?"

Keti. Toa kidole kwenye mifuo.
Shika kingoni, kama sinia la moto.

Hii yenye jalada lililoliwa na unyevu, sikiza hii kwanza.
Watu kumi na sita, tarumbeta zote zimevaa tai.
Wao huita swingi. Mimi naita bembea:
ngoma yasema sasa, klarineti yasema subiri,
na hapo katikati ndipo miguu hukosa adabu.
Ulisoma mashairi skuli, mizani nane kwa nane?
Basi huyu wa saksafoni aijua mizani yote
na huingia amechelewa makusudi,
kama bwana harusi ajuaye hawawezi kuanza bila yeye.

Hizi za kati ni nyimbo za kurithishana.
Usigune ukiona wimbo mmoja kwenye majalada sita.
Mahamri ya Kibokoni yote ni unga, nazi na iliki,
lakini nifunge macho, nitakutajia nyumba.
Huyu wa piano huuacha wimbo mlangoni,
akazunguka uani, akarudi nao umebadili nguo.
Yule wa besi hana maneno. Hutembea tu,
mlinzi wa Kilindini saa nane usiku
azijuaye kufuli zote.

Hii imepinda. Ilisahauliwa dirishani Februari.
Ikizunguka hupanda na kushuka, chapati inayofura,
na sindano hupanda nayo.
Sikiza hivyo hivyo. Mwimbaji amepata mawimbi
ambayo hakuzaliwa nayo.

"Na za polepole?"

Ngoja stima irudi.

Haya. Za polepole si za usingizi.
Huyu mama huvuta pumzi kabla ya neno
na pumzi yenyewe imo kwenye santuri. Rudisha sindano. Hapo!
Miaka thelathini na moja natengeneza spika
ili pumzi ile ipite.

Bi Filomena Rebelo alipiga piano hotelini,
usiku baada ya usiku, watu wakitafuna.
Jumapili akitoka misa alifungua dirisha,
nami ng'ambo ya barabara, chuma cha kulehemu mkononi.
"Shebwana! Hii umeisikia?"
Nilisema sijaisikia hata niliyoisikia mara ishirini,
maana hapo alianza upya.

Sasa tazama hii. Jalada la samawati,
taa moja ya barabarani, mtu hayupo.
Alinambia: ukisikia moja tu duniani, iwe hii.
Fungua.
Ndani hamna.
Nimepekua kreti zote, chini ya piano,
nyuma ya watakatifu wake wa plasta.
Hamna, ila risiti ya duka la dawa.

Wimbo wake wa mwisho, upande wa pili,
nimeusikia kwa mdomo wa Bi Filomena peke yake,
akikaanga samaki, akikosea pale katikati,
akicheka, akirudi nyuma.
Sijui unavyokwisha.
Mafuta yalilia, akakimbilia kikaango.

Andika kwenye orodha yako, Mishi. Namba moja.
Wakikuuliza santuri yenyewe iko wapi,
waambie iko kwa fundi.